Mkato, ng'ombe na shilingi ndani ya m4

Julai 2009 VAT ya Tanzania Bara ilishuka kutoka asilimia 20 hadi 18. Duka la jumla kati ya Mnazi Mmoja na Kariakoo lina orodha ya bei, ankara na vibandiko vya rafuni. Kodi ikiguswa, vyote hupigwa upya. Hapo ndipo programu ya m4 inapofaa. Brian Kernighan na Dennis Ritchie waliiandika mwaka 1977. Husoma faili la maandishi, na kila ikikutana na jina ulilolitangaza, huweka thamani yake. Liwe faili la barua, la tovuti au la programu, kwake ni mamoja.

define(`KODI', `18')
define(`NA_KODI', `eval($1 * (100 + KODI) / 100)')
Kanga, korija 1: NA_KODI(200000)/=

Inatoka 236000/=. Serikali ikibadili kodi, unagusa mstari wa kwanza tu.

Taabu inaanza na mazoea yetu ya kuandika. Ukiweka NA_KODI(200,000), m4 huhesabu mkato kama mpaka wa vipengele, ikachukua 200 peke yake. Korija nzima inauzwa shilingi 236, na hupati onyo lolote.

Ritifaa nayo ina lake. Kwa m4, alama hiyo hufunga nukuu. Tangaza bidhaa hii:

define(`BIDHAA', `Mkanda wa ngozi ya ng'ombe')

Kwenye karatasi utasoma "ngozi ya ngombe'", ritifaa imehamia mwisho wa neno. Dawa ni kuandika changequote([,]) juu kabisa ya faili, kisha kunukuu kwa mabano ya mraba kila mahali.

La tatu ni ukubwa wa fedha yetu. Katika GNU m4 1.4, eval hutumia namba kamili za biti 32, ambazo hazivuki 2,147,483,647. Mzigo wa shilingi milioni 20 ukizidishwa kwa 118 unapita hapo, na jibu linakuwa -19349672. Gawanya kwanza: $1 / 100 * (100 + KODI). Utapoteza salio lililo chini ya shilingi mia, lakini bei nyingi za jumla huishia kwenye mamia.

Anayechoshwa na nukuu za m4 ajaribu GPP ya Denis Auroux, inayomwachia mtumiaji achague alama zake. Kwa vyovyote, kabla ya kuchapa, pitisha bei kubwa kuliko zote dukani na jina moja lenye ng'. Vikitoka salama, chapa.