Miguu Isiyoonekana: Picha Chache za Persepolis Tunazozipita Mbio

Mara ya kwanza kunyoa miguu nilikuwa kidato cha pili, bwenini, usiku, na beseni la maji, kipande cha sabuni ya kufulia na wembe wa kuazima. Dada wa kidato cha nne aliyeniazima alinipa neno moja tu: "Usibonyeze." Nikabonyeza. Asubuhi nikavaa soksi ndefu kuficha kidonda cha muundini, na juu yake sketi ya shule inayopita magoti. Yaani nilijikata kwa ajili ya miguu ambayo hakuna mtu angeiona.

Usiku ule ulinirudia juzi nilipoisoma upya Persepolis, riwaya ya picha ya Marjane Satrapi iliyotoka Ufaransa kwa juzuu nne kati ya 2000 na 2003. Ni maisha yake mwenyewe: utoto Tehran, mapinduzi ya 1979, vita na Iraki, ujana wa Vienna alikopelekwa akiwa na miaka 14, kisha kurudi nyumbani. Tukiitaja huwa tunataja hijabu, mabomu na yule bibi yake. Mimi nataka tusimame kidogo pale Marjane anapoamua kuondoa nywele za mwilini.

Angalia picha hizo zimewekwa wapi. Amerudi Tehran na hana la kusimulia. Wenzake wamevumilia vita, yeye alikuwa Ulaya. Mateso yake anayaonea aibu. Anazama kwenye huzuni, anajaribu kujiua, anapona. Ndipo anaamua kuishi. Na kazi ya kwanza ya huko kuishi si kusoma wala kuandika. Ni nywele za mwilini. Vinafuata nguo mpya, kichwa kipya, vipodozi, hadi anakuwa mwalimu wa aerobiki.

Usomaji wa haraka unasema hii ni kejeli tu: mwanamke anajijenga upya kwa orodha ya saluni. Kejeli ipo, na Satrapi anajicheka waziwazi. Nami zamani nilisoma hivyo hivyo. Sasa naona usomaji huo unapunja. Mtu aliyetaka kuutupa mwili wake ameushika tena, unyweleo kwa unyweleo. Ni kazi ndogo, inauma kidogo, na mwisho wake unaonekana kwa macho. Aliyewahi kuzama anajua kwamba kuna siku kunawa uso tu ni ushindi.

Halafu jiulize: anamfanyia nani? Sheria ya Tehran ya miaka ile inamtaka afunike miguu hiyo hiyo barabarani. Jibu la "anajifanyia mwenyewe" silipendi, limekaa kimatangazo mno. Hamu ya ngozi laini haikudondoka toka mbinguni. Mtu anafundishwa kuzionea aibu nywele zake. Ila pia chini ya vazi la lazima kuna mahali ambapo mkono wa serikali haufiki, na Marjane anapashughulikia. Yote mawili ni kweli, na kitabu kina busara ya kutochagua moja.

Filamu ya 2007, aliyoiongoza pamoja na Vincent Paronnaud, inakifanya kipindi hiki kiwe cha kuchekesha: Marjane anaimba "Eye of the Tiger" kwa sauti mbovu kweli. Nilicheka sana. Lakini wimbo unatubeba mno, na huzuni inageuka ushindi ndani ya dakika chache. Kwenye kitabu hakuna muziki. Unabaki na wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, na unaweza kukaa hapo muda unaotaka.

Kilichonisumbua ni upweke wake. Pwani yetu nywele hizi laini tunaziita malaika, na bibi harusi anapotolewa malaika kuna somo wake, kuna sukari na ndimu motoni, kuna mizaha isiyosemeka hapa. Iran nako bibi harusi hutolewa nywele za uso kwa uzi, katikati ya wanawake wenzake. Satrapi anaijua dunia hiyo vizuri: katika Broderies, kitabu chake cha 2003, wanawake wanakaa na bibi yake, wanakunywa chai na kuongea habari za wanaume na miili bila kuficha kitu. Kwa nini basi hapa amejichora peke yake?

Nilianza kuliona kama pengo la kitabu. Sasa nadhani ndiyo habari yenyewe. Miaka ambayo msichana hufundishwa mambo haya, kuanzia 14 hadi 18, Marjane alikuwa Vienna, mbali na mama na bibi. Amerudi mtu mzima, na inabidi aanze mwanzo bila mwalimu.

Mimi angalau nilipata neno moja, hata kama sikulisikiliza. Ukiifikia sehemu hiyo, usiipite mbio.