Ngoma ya Ngome Kongwe

Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mjini Unguja mwaka 2004, twalisifu kwa haki. Ngomeni humo Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliimba mbele ya watu wa mataifa, na vijana wetu wakajua kwamba taarabu na ngoma za wazee si mambo ya kuonea haya. Lakini wafadhili wa mbali, kama Norwei, ndio waliolibeba; na mwaka 2016 fedha zilipopungua, tamasha halikufanyika. Hapo ndipo tulaumupo. Ngoma ya harusi haingoji mfadhili: majirani huchanga, nayo hulia. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Yafaa nasi wapenda muziki tuchange, hata kwa senti chache.