Maumivu ya Jino: Je, Ubongo Huyapokea au Huyafanya?

Katika tafsiri za maelezo ya tiba ya meno tumekutana zaidi ya mara moja na sentensi ya namna hii: "Mshipa wa fahamu hupeleka maumivu ya jino kwenye ubongo." Sarufi yake haina kasoro. Kasoro imo katika istilahi, nayo si ndogo.

Jino linaposukumwa na vyuma vya kunyooshea meno, nyuzi zinazolishikilia katika taya hubanwa, damu hupungua mahali hapo, na kemikali za uvimbe, zikiwamo prostaglandini, huchochea ncha za neva ya tano ya kichwa. Ishara hupita katika shina la ubongo na talamasi hata kufika kwenye gamba la ubongo. Huko ndiko maumivu yanakopatikana; kwa kawaida huanza baada ya saa chache, hufikia kilele kwenye saa 24 hivi, na hupoa katika juma moja. Kinachosafiri njiani, basi, si maumivu. Fasili ya kimataifa ya mwaka 1979 iliyahesabu maumivu kuwa ni hisi na pia jambo la moyo. Maelezo ya marekebisho ya 2020 yanayatenga waziwazi na kazi ya neva.

"Mshipa" humpeleka msomaji kwenye damu, hata kwenye ngiri. "Fahamu" inapotosha zaidi: mgonjwa aliyelazwa kwa dawa ya usingizi amepoteza fahamu, lakini neva zake zaweza kuendelea kupeleka ishara. Mshipa wa fahamu pasipo fahamu! Twapendelea "neva", ijapokuwa ni neno la kukopa.

Sasa tumfikirie mwalimu wa Ihembe, wilayani Karagwe, ambaye baadhi ya wanafunzi wake wamekulia katika Kinyambo. Kiswahili cha kila siku kimekwisha kumtegea: jino huuma nyama, na jino lenyewe huuma. Hatusemi usemi huo ufutwe. Mgonjwa aseme hivyo, naye ataeleweka. Kitabu cha sayansi ndicho kitenge "ishara ya madhara" na "maumivu". ("Taarifa" tumeikataa, inanukia redio.)

Ila mfasiri asiandike kwamba maumivu "yamo ubongoni tu". Mtoto mwenye vyuma mdomoni atadhani anaambiwa anajisingizia. Yafaa iandikwe: "Neva hupeleka ishara ya madhara kutoka jinoni, na ubongo huifanya kuwa maumivu ya kweli."