Mwanamke Aliyefichwa Ndani ya Mashine: Uana katika L'Ève future na Her

Anayekusudia kuihakiki filamu ya Spike Jonze, Her (2013), kwa Kiswahili hukumbana na kikwazo katika anwani yenyewe. Neno hilo la Kiingereza hubeba jinsia ya kike, "yeye" haliibebi. Sarufi ya Kiswahili haiulizi kama anayetajwa ni wa kike au wa kiume. Huuliza, tena katika kila kitenzi, kama ana uhai: mashine "imesema", bali Samantha "amesema". Kikwazo hiki kina faida yake. Kinamlazimu mhakiki aulize kwanza ni nani, katika kazi za aina hii, anayestahiki upatanisho wa A-WA.

Theodore, mhusika mkuu, anaponunua mfumo wa tarakilishi unaozungumza, anaulizwa iwapo anataka sauti ya kiume au ya kike, kisha anaulizwa kuhusu uhusiano wake na mamake. Anachagua sauti ya kike. Jibu lake la pili linakatizwa. Uhakiki wa kifeministi una kila sababu ya kuanzia hapa, kwani mwenzi anashonwa kwa kipimo cha mteja kama kanzu. Hata hivyo, ukiishia hapa unamchunguza mwanamke asiyekuwepo na kuwasahau waliopo.

Tatizo hili ni kongwe kuliko tarakilishi. Villiers de l'Isle-Adam, mwandishi wa Kifaransa, alichapisha riwaya ya L'Ève future mwaka 1886, miaka 9 baada ya Edison wa kweli kubuni fonografu. Edison wa riwaya anamwundia Lord Ewald, kabaila wa Kiingereza, mwanamke bandia aitwaye Hadaly. Ewald anaupenda mwili wa Alicia Clary na kuidharau akili yake. Hadaly basi anapewa sura ya Alicia, na mahali pa mapafu anawekewa fonografu mbili za dhahabu zilizojazwa maneno ya watunzi na wanafikra mashuhuri. (Msomaji atatambua kwamba upatanisho wa A-WA umekwisha kujipenyeza.)

Lakini fonografu hizo hazitoshi kueleza yote anayoyasema Hadaly. Ndani yake mna Sowana, nafsi ya Bi. Anderson, mjane ambaye mumewe aliangamia kwa kumfuata mcheza dansi, na ambaye Edison humtia katika usingizi wa kupumbazwa. Hadaly akiisha kukamilika na kuondoka, Bi. Anderson anakutwa amekufa. Alicia naye anaangamia katika ajali ya meli ile ile iliyombeba Hadaly. Ewald anamlilia Hadaly peke yake. Mashine inayosifiwa kuwa imechukua nafasi ya mwanamke imegharimu wanawake wawili, na riwaya haisiti sana juu ya maiti zao.

Katika Her, nafasi ya Bi. Anderson inashikwa na Isabella, msichana anayejitolea bila malipo kuuazima mwili wake ili Samantha na Theodore wakutane kimwili. Anavaa kamera ndogo, ananyamaza, na sauti ya Samantha inasema kwa niaba yake. Theodore anashindwa kuendelea; Isabella analia akiomba radhi, kisha anapakiwa katika teksi na kutoweka katika hadithi. Jonze anastahili sifa kwa kutuonyesha machozi hayo, jambo ambalo Villiers hakulifanya. Hata hivyo, baada ya hapo filamu inarudi upesi kwenye huzuni ya mwanamume. Hata Samantha anapokiri kwamba anazungumza na wengine 8,316 na kuwapenda 641, idadi hiyo inapimwa kwa maumivu ya Theodore tu. Kuondoka kwake mwishoni kunaweza kusomwa kama ukombozi, na usomaji huo una mashiko. Ila aliyekombolewa ni sauti. Isabella hakurejewa.

Utayarishaji wa filamu wenyewe ulifuata mkondo huo huo. Wakati wa upigaji picha, sauti ya Samantha ilikuwa ya mwigizaji Samantha Morton, naye Joaquin Phoenix aliigiza akiisikiliza. Baadaye sauti hiyo iliondolewa na kubadilishwa na ya Scarlett Johansson. Kila anapotabasamu Theodore kwenye skrini, huenda anamjibu mwanamke ambaye mtazamaji hawezi kumsikia.