Admirali Helena Cain na Swali la Jeshi Lisilo na Raia

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kumchunguza mhusika mmoja wa masimulizi ya vita vya angani, naye ni Admirali Helena Cain wa mfululizo wa televisheni wa Marekani uitwao Battlestar Galactica. Wapo watakaosema kwamba masimulizi ya aina hii, yenye manowari ziendazo baina ya nyota, ni burudani tupu isiyostahili kalamu ya mhakiki. Hoja hiyo haina uzito. Tenzi zetu za kale za vita nazo zimejaa mapambano ambayo hayakupata kutokea kwa jinsi yasimuliwavyo, lakini twazisoma kwa sababu ya yale zisemayo juu ya mtu na utawala.

Swali letu ni hili: ukatili wa Cain una asili gani, na kazi yenyewe yaujibu vipi? Rai yetu ni kwamba katika sehemu zilizoonyeshwa mwaka 2005 na mwanzoni mwa 2006, Cain aliumbwa kuwa hoja ya kisiasa, tena hoja nzito. Na kwamba filamu ya mwaka 2007 iliyokusudiwa kumweleza zaidi ilimpunguza.

Mhusika na mandhari yake

Yafaa kukumbusha kwamba Cain hakuanza akiwa mwanamke. Katika mfululizo wa kwanza, uliobuniwa na Glen A. Larson mwaka 1978, Kamanda Cain alikuwa mwanamume, shujaa mpenda sifa, akaigizwa na Lloyd Bridges. Masimulizi haya yalipofufuliwa kuanzia mwaka 2003 chini ya Ronald D. Moore, jina lilibaki ila jinsia ikabadilika, na nafasi hiyo akapewa Michelle Forbes. Jina lenyewe lina uzito wake: ni lile la Kaini, ambaye wasomaji wengine watamjua kwa jina la Kabili, aliyemwua ndugu yake.

Mandhari ni ya msiba. Mashine ziitwazo Cylon, zilizoumbwa na wanadamu kisha zikawaasi, zimeziteketeza sayari zote kumi na mbili walizokaa watu. Waliosalia, wasiofikia elfu hamsini, wanakimbia katika msafara wa merikebu unaolindwa na manowari moja, Galactica, chini ya Kamanda William Adama. Utawala wa kiraia uko mikononi mwa Rais Laura Roslin, aliyekuwa waziri wa elimu. Ndipo inapotokea manowari ya pili, Pegasus, iliyodhaniwa kuwa imeangamia. Cain, kwa kuwa cheo chake kimemzidi Adama, anashika amri ya majeshi yote.

Matendo yake na namna yanavyosimuliwa

Matendo ya Cain yanajulikana kwetu kidogo kidogo, na hapa ndipo fani ya sehemu hizi ilipo bora. Hatuonyeshwi, twasimuliwa. Msimulizi ni Kanali Fisk, msaidizi wake, akinywa pombe na Kanali Tigh wa Galactica. Anaeleza kwamba msaidizi aliyemtangulia alikataa amri ya kushambulia adui aliyewazidi nguvu, naye Cain akamtaka ampe bastola yake, akampiga risasi kwayo mbele ya mabaharia. Fisk anacheka na kudai kuwa amefanya mzaha. Hadhira inajua si mzaha. Hofu ya msimulizi yatosha kupima ukali wa anayesimuliwa, na damu yenyewe haikuhitajika kuonekana.

Baadaye twasikia lililo zito zaidi. Pegasus iliwahi kukutana na merikebu za raia. Cain aliamuru zinyang'anywe vipuri na mitambo ya kusafiria, na mafundi walio hodari wachukuliwe kwa nguvu. Waliopinga, familia zao zilipigwa risasi. Merikebu zenyewe zikaachwa zikielea, zikimngoja adui.

Tuitazame mantiki ya tendo hili. Cain hakuwa mwizi wala mwendawazimu. Kwake yeye, vita vilikuwa bado havijaisha, na kila kitu kisichopiga risasi ni akiba ya kile kinachopiga. Ukikubali msingi huo, mengine yote yafuata kwa utaratibu. Lakini msingi wenyewe una ufa: jeshi lililowatupa raia lapigana kwa niaba ya nani? Cain analipiza kisasi cha watu wake kwa kuwamaliza waliobaki. Hili ndilo swali lililompa uhai kama mhusika, wala halihusu uanamke wake hata kidogo.

Kwa sababu hiyo hatuafikiani na msomaji atakayemwita Cain jike dume na kudhani amemaliza uhakiki. Neno hilo ladai kwamba ukali ni mali ya wanaume na kwamba mwanamke mkali ameiazima. Sehemu hizi zenyewe zalikanusha, kwani anayemshauri Adama kwamba hapana budi Cain auawe ni Roslin, yule mwalimu mpole. Adama anashtuka, Roslin hatetereki. Wanawake wawili wamefikia ukatili kwa njia mbili, mmoja kwa ajili ya ushindi na mwingine kwa ajili ya raia, na hadhira yaachiwa kazi ya kuwapambanua.

Kifo cha Cain

Msuko unafikia kilele pale makamanda wawili wanaposhirikiana kushambulia meli ya ufufuo ya Cylon, huku kila mmoja amepanga kumwua mwenziwe baada ya ushindi. Fisk angoja neno la Cain. Rubani Kara Thrace angoja neno la Adama. Ushindi unapatikana, na wote wawili wanaghairi. Ulinganifu huu ni wa maana sana: Cain naye aliweza kujizuia. Si mhusika bapa.

Hata hivyo Cain anauawa siku iyo hiyo na Gina, mateka wa Cylon mwenye umbo la binadamu, ambaye mabaharia wa Pegasus walimtesa na kumnajisi kwa ridhaa ya kamanda wao. Kifo hiki kina haki ndani yake, kwa kuwa mkono uliomwua ni wa aliyedhulumiwa. Lakini ni haki iliyowafaa mno watunzi. Adama anabaki na mikono safi, kisha Roslin anampandisha kuwa admirali: anairithi nafasi bila kulipa bei yake. Swali la nini kingefanywa kuhusu Cain kama angeishi likazikwa pamoja naye. Ni Thrace tu, katika hotuba yake ya maziko, anayethubutu kusema kwamba walikuwa salama zaidi wakiwa naye.

Razor na kosa la kueleza mno

Mwezi Novemba 1997 ungekuwa mbali; ilikuwa Novemba 2007 filamu ya Razor ilipoonyeshwa, nayo ikaleta maelezo. Twaambiwa kwamba Cain, akiwa mtoto wakati wa vita vya kwanza, alimkimbia mdogo wake Lucy akamwacha nyuma. Twaambiwa tena kwamba Gina alikuwa mpenzi wake kabla ya kufichuliwa kuwa Cylon. Ghafla hoja ya kisiasa imekuwa jeraha la moyo. Mateso ya mfungwa, yaliyokuwa sera ya kijeshi, yamekuwa kisasi cha mpenzi aliyesalitiwa.

Lililo baya zaidi lasemwa na Adama. Akizungumza na mwanawe Lee, anakiri kwamba kivita ni vigumu kumlaumu Cain, na kwamba yeye mwenyewe alizuiwa kutenda mengine kwa kuwa angelazimika kumtazama mwanawe usoni kesho yake. Maana yake ni kwamba Cain alipotoka kwa kukosa mtoto. Hatuwezi kulipokea hili. Mwana si dhamana ya dhamiri ya mzazi. Msomaji wa Kiswahili anajua kwamba Fumo Liyongo alichomwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe. Aidha, Cain wa 1978, mwanamume, alikuwa na binti, na uzazi haukumpunguzia tamaa ya vita.

Tukiwa waadilifu, tutakiri kwamba Razor ina jambo moja bora, nalo ni Kendra Shaw, ofisa kijana anayefyatua risasi ya kwanza dhidi ya raia kwa amri ya Cain, kisha akakabidhiwa kisu chake. Hapa twaonyeshwa kwamba ukatili hufundishwa na kurithishwa kwa cheo na sifa. Laiti filamu ingeshikilia uzi huo peke yake.

Hitimisho

Tumeona kwamba nguvu ya Cain imo katika swali analolibeba, na kwamba kila maelezo ya faragha yaliyoongezwa yamelilegeza swali hilo. Bara letu limepata kuona majeshi mengi yakitwaa mamlaka kwa jina la kuwaokoa raia, na halikuhitaji kujua utoto wa kila jemadari ili kuyahukumu. Mtunzi atakayetaka kumwumba kamanda wa namna hii, awe mwanamke au mwanamume, amwache atende, amwache atoe sababu zake, kisha waathiriwa wapewe nafasi ya kumjibu.