Maneno ya Baraza juu ya Simu, Sayansi na Siri

Kila wakati una maneno yake yenye kurudiwa na watu bila kuyapima. Huku kwetu, toka Kavimvira mpaka Kalundu, tunayasikia barazani, sokoni, na sasa katika makundi ya WhatsApp. Nachukua matatu tu, kwa maana yote yanagusa swali moja: ni mambo gani ya mtu yapasayo kuonekana na wote, na ni yapi yapasayo kufunikwa?

1. «Sayansi ni mambo ya Wazungu»

Neno hili ni la uvivu. Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858, walitumaini kwamba mto Ruzizi unatoka ziwani na kwenda kaskazini, kwa kuwa walikuwa wakitafuta chanzo cha Nili. Wenyeji waliwaambia wazi kwamba Ruzizi unaingia ziwani. Hata hivyo mabishano yaliendelea Ulaya kwa miaka. Ndipo mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipokuja kwa mtumbwi hadi mdomo wa mto, wakaona maji yanaingia, kama wenyeji walivyosema. Basi, nani alikuwa na elimu? Sayansi haina rangi ya ngozi. Ni kutazama, kuhesabu, kuuliza tena, na kukubali yaliyoonekana hata kama yanatuvunjia tumaini letu.

Mfano wa pili ni wa juzi. Mwaka 2015 wataalamu walitangaza uchunguzi wao juu ya kipindupindu cha Uvira, toka 2009 hadi 2014. Waliweka pamoja hesabu mbili: maji yaliyotolewa kila siku na mtambo wa REGIDESO, na wagonjwa waliopokelewa kila siku katika kituo cha kipindupindu. Waliona kwamba baada ya siku isiyo na maji ya bomba, wagonjwa waliongezeka zaidi ya maradufu katika siku 12 zilizofuata. Wakakadiria kwamba asilimia 23 hivi ya wagonjwa wote walitokana na kukatika kwa maji.

Sasa tuangalie vizuri. Uchunguzi huo ulifunua ugonjwa wa mji mzima, lakini haukuhitaji kutangaza jina la mgonjwa hata mmoja. Ulionyesha kosa la bomba, ukaacha kuonyesha aibu ya mama mwenye kutapika. Tushike mfano huu, kwa maana neno la pili linaupinga.

2. «Asiye na kosa hana la kuficha»

Hili ndilo neno la hatari, kwa sababu linachanganya siri na ubaya. Mtu mwenye kuharisha hakutenda kosa lolote, lakini anafunga mlango. Mjane mwenye kulia hakutenda kosa, lakini anajifunika uso. Kuna mambo yanayofichwa kwa sababu ni mabaya. Kuna mengine yanafichwa kwa sababu ni ya mwenyewe. Asiyejua tofauti hiyo atainua simu yake pahali popote: kwenye ajali, kwenye kitanda cha mgonjwa, hata mbele ya maiti.

Watu watasema: «Lakini picha ni ya kweli!» Ndiyo, ni ya kweli. Kweli peke yake haitoshi. Sherti tuulize pia ni ya nani na inafaa nini. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa nyumba nyingi sana. Picha ya daraja lililovunjika au mtaa uliojaa matope inafaa: ndugu wa mbali anajua, mwenye msaada anajua. Lakini picha ya uso wa marehemu, ikimfikia mtoto wake katika simu kabla mjomba hajapata kumkalisha na kumwambia polepole, inamfaa nani?

Kisha tufikiri juu ya kipindupindu. Ugonjwa huu unaweza kuua mtu kwa saa chache tu. Kama mgonjwa anaogopa kwamba akibebwa hospitali atapigwa picha na kuchekwa, atangoja nyumbani. Akingoja, anaweza kufa. Na uchafu wake unaweza kuingia katika maji ya jirani. Basi siri ya mgonjwa inalinda hata wazima. Mwenye kuivunja kwa mchezo anaweza kuchimba kaburi ambalo hatalijua kamwe.

Hata sheria ya nchi haikukaa kimya. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya ndani na siri ya barua na mazungumzo yake. Sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 nayo inasema juu ya ulinzi wa habari za mtu. Lakini sisi wenyewe tunalijali jambo hilo kwa kiasi gani? Toka 2020 serikali iliandika simu zote katika daftari lililoitwa RAM na kukata pesa katika salio la watu: dola 1 hivi kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 hivi kwa simu kubwa. Kilio kilikuwa kikubwa, na mwaka 2022 malipo hayo yakafutwa. Lakini kilio kilichosikika sana kilikuwa cha pesa. Mfuko ulipata watetezi wengi; siri ilipata wachache.

3. «Afadhali tutupe simu hizi»

Wazee wenye kusema hivi wana uchungu wa haki, lakini dawa yao si nzuri. Simu inamwita mkunga usiku, inamjulisha muuzaji bei ya ndagala, inaonya watu wa bondeni kwamba mto umepanda mlimani. Tena umbeya ulikuwako zamani bila simu. Tofauti ni hii: neno la umbeya lilichoka njiani na kusahauliwa, picha haichoki, wala haisahau, na aliyeituma hawezi kuirudisha.

Basi tusitupe chombo, tujifunze adabu yake. Mbele ya kutuma habari, tuulize mambo matatu. Je, nimeona mwenyewe, ama nasikia tu? Je, habari hii ni yangu kuitoa? Je, nikiondoa jina na uso, bado itafaa watu? Kama itafaa, tuviondoe. Kama haifai tena, basi tulichotaka kutuma kilikuwa aibu ya jirani tu.

Wengi kati yetu kesho watashika madaftari ya watu: ya shule, ya zahanati, ya parokia. Daftari la mwalimu mwenye mdomo mwepesi ni hatari kuliko simu ya mtoto. Tuanze kujizoeza sasa, kwa mambo madogo ya chumba chetu cha kulala na ya meza yetu.