Juu ya Jina "Kugeuza Chaji" katika Kutambua Ioni Isoma

Apitaye pwani kutoka Mikindani kuelekea mlango wa mto Ruvuma hukutana na mikorosho kila upande. Katika mafuta ya kiini cha korosho, asidi iliyo nyingi kuliko zote ni ile iitwayo oleiki. Ina atomi 18 za kaboni, 34 za haidrojeni na 2 za oksijeni. Na katika mnyororo wake kaboni ya 9 na ya 10 zimeshikana mara mbili. Iko ndugu yake, asidi ya vakseniki, yenye atomi zizo hizo kwa hesabu ile ile, ila mshikano huo uko baina ya kaboni ya 11 na ya 12. Vitu vya namna hii huitwa isoma.

Msomaji wa lugha ataelewa upesi akiyatazama maneno mali, mila, lima na imla. Herufi ni nne zile zile, wala hapana iliyozidi; lakini maana ni mbalimbali. Basi spektrometa ya masi ni mizani ya ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Ioni hasi za asidi hizo mbili zote husomeka 281, na mizani haina la kuongeza.

Dawa ya kwanza ni kuivunja ioni na kupima vipande. Dawa hii mara nyingi haitoshi, kwa kuwa ioni huweza kujipanga upya kabla ya kuvunjika, hata isoma mbili zikatoa vipande vinavyofanana. Ndipo wataalamu walipoanza kuigeuza chaji ya ioni, chanya iwe hasi au hasi iwe chanya.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Tukilifasiri jina la Kiingereza neno kwa neno twapata "kugeuza chaji", na jina hilo lafunika kazi mbili zisizofanana. Katika njia ya Shigeo Hayakawa wa Osaka, aliyoieleza kwa urefu mwaka 2004, ioni chanya iendayo kasi hupitishwa katika mvuke wa metali kama potasiamu. Hupokea elektroni moja ikawa haina chaji kabisa. Katika hali hiyo huvunjika. Kisha vipande hupokea elektroni nyingine vikawa hasi, navyo ndivyo vipimwavyo. Siri ya kutofautisha isoma imo katika hatua ya kati, chembe ilipokuwa haina chaji. Jina halisemi neno juu ya hatua hiyo.

Njia ya pili ilitumiwa na Scott McLuckey na wenzake huko Marekani kwa asidi za mafuta. Ioni hasi ya asidi hukutanishwa na ioni chanya yenye magnesiamu, zikashikamana, na kitu kizima kikawa chanya. Kuvunja huja baadaye, na mpangilio wa vipande ndio huonyesha mshikano maradufu uko kaboni ya ngapi.

Kwa maoni yangu, yatupasa kuiita ya kwanza "kugeuza kwa kuvunja", na ya pili "kugeuza kwa kuunganisha". Atakayesema kwamba majina haya ni marefu asema kweli. Lakini ufupi ni kipimo cha uzito tu. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, ilitufungulia njia ya kuwa na majina. Kazi iliyobaki ni kuyajaribu majina kwa kuuliza: je, asikiaye aweza kutambua kazi inavyotendeka?

Jambo hili si la wanalugha peke yao. Mtoto wa Mtwara husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha huikuta kemia ya sekondari katika Kiingereza. Siku atakapotaka kuelezwa kwa lugha yake kilichomo katika korosho ya shamba la babaye, tukimpa jina linaloficha kama lile la kigeni, tutakuwa tumemfungia mlango mara mbili. Maneno mawili yenye uzito mmoja si neno moja. Na kazi mbili zenye jina moja si kazi moja.